"Mradi wa jamii" ni wa nani? Nyangumi wa Kaikōura na swali la nahodha wa Pwani

Kila Julai, kusi ikishashika, simu za watu wa Pwani hujaa video za aina moja. Bahari ya rangi ya majivu, boti inayumba, mara kitu cheusi kirefu kuliko basi kinachomoka majini, kinajipindua hewani na kuanguka kwa kishindo. Watu wanapiga kelele, aliyeshika simu anatetemeka. Kisha maswali yanaanza. Hao ni papa? Wanafugwa wapi? Kiingilio shilingi ngapi? Na hivi karibuni limeongezeka swali zito kuliko hayo: kama ni mali yetu, mbona pesa hatuzioni?

Swali hilo la mwisho nililisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa nahodha mmoja mzee, kaskazini ya Mombasa. Boti yake ilikuwa imepandishwa mchangani, yeye akiziba nyufa kwa pamba iliyochovywa mafuta, ananyonga nyuzi kwa vidole na kuzigonga ndani ya ufa kwa patasi. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa. Akasema, "Mwanangu, nyangumi wanapita hapa tangu babu yangu. Sasa nasikia watu wanazungumzia mradi wa jamii wa nyangumi. Jamii ni nani? Maana mimi sijaitwa."

Sikuwa na jibu siku ile. Makala hii ndiyo jibu langu. Nitalitafuta mbali, kwenye mji mmoja mdogo wa New Zealand uitwao Kaikōura, kwa sababu huko ndiko ninakojua swali hili liliulizwa mapema na kujibiwa kwa vitendo, kwa zaidi ya miaka thelathini.

Lakini tuanze na mnyama mwenyewe.

Nyangumi si samaki. Anazaa, ananyonyesha na anavuta hewa kama mimi na wewe, na akizuiwa kufika juu ya maji anakufa kwa kukosa pumzi. Ule moshi mweupe unaoruka kichwani mwake wengi hudhani ni maji aliyoyameza akayatema. Siyo. Ni pumzi yake, hewa ya joto inayokutana na ubaridi wa nje pamoja na matone yaliyokuwa juu ya tundu la pua, kama mvuke wa kinywa chako asubuhi ya Limuru.

Mkanganyiko mkubwa kwetu unatokana na papa potwe, yule mwenye madoadoa meupe ambaye watu humfuata Kisiwa cha Mafia miezi ya kaskazi. Ni mkubwa kama nyangumi na mpole kama nyangumi, lakini ni samaki kamili, anavuta pumzi kwa matamvua na hahitaji kuja juu. Ukitaka kuwatofautisha ukiwa botini, tazama mkia. Mkia wa papa umesimama wima na hupiga kulia na kushoto. Mkia wa nyangumi umelala kama chano na hupiga juu na chini. Kanuni hiyo haijawahi kuniangusha.

Sasa neno "kivutio". Watu wengi wakisikia kivutio cha nyangumi hufikiria bwawa lenye viti pembeni. Kwa nyangumi wakubwa hilo haliwezekani. Hakuna bwawa la kuwatosha wala ndoo ya kuwalisha. Kivutio hapa ni kama nyumbu wa Mara. Hakuna aliyewafunga kamba. Kinachouzwa ni safari ya kuwafikia, macho ya anayejua waliko, na kurudi salama. Ndiyo maana swali la "nyangumi ni wa nani" halina faida. La kuuliza ni hili: boti ni ya nani, leseni imeandikwa jina la nani, na deni liko shingoni mwa nani?

Hapo ndipo neno "jamii" linapochezewa. Fikiria mashine ya kusaga unga kijijini. Tajiri kutoka mjini anaweza kuifunga kando ya shule yenu na kuwaajiri vijana wawili. Mfadhili anaweza kuileta kwenye lori, akapigwa picha, akaondoka. Au nyinyi wenyewe mnaweza kuchanga kwenye chama, mkakopa kilichopungua, mkainunua. Zote tatu zitabandikwa kibao cha "mradi wa jamii", na zote zitasaga mahindi. Tofauti utaiona siku mkanda utakapokatika. Nani atapigiwa simu? Nani atakosa usingizi? Huyo ndiye mwenye mashine.

Nyumba zilizowekwa rehani

Kaikōura iko pwani ya mashariki ya Kisiwa cha Kusini cha New Zealand. Ni mji wa watu elfu mbili na ushei, bahari mbele na milima yenye theluji mgongoni. Jina lenyewe ni la Kimaori: kai ni kula au chakula, kōura ni kamba mawe. Wenyeji wake ni Wamaori wa Ngāti Kuri, tawi la kabila la Ngāi Tahu.

Historia ya nyangumi hapo ilianza kwa damu. Kituo cha kwanza cha kuwavua kilianzishwa na Robert Fyfe mwaka 1842, na nyumba ya familia hiyo, Fyffe House, bado imesimama pale, baadhi ya nguzo za msingi wake zikiwa pingili za uti wa mgongo wa nyangumi. Uvuvi wa nyangumi nchini New Zealand ulikoma mwaka 1964, na mwaka 1978 ikapitishwa sheria ya kuwalinda mamalia wote wa baharini.

Miaka ya themanini ikaleta shida ya aina nyingine. Serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi kwenye mashirika yake, reli ikiwemo, na Wamaori wengi wa Kaikōura walitegemea kazi hizo. Ajira zikaisha, vijana wakahama. Mmoja wa viongozi wao, Bill Solomon, pamoja na wenzake wakaangalia baharini. Watu hao wanasimulia kwamba babu yao Paikea alifika katika nchi hiyo akiwa mgongoni mwa nyangumi. Wakasema: kama nyangumi alimleta babu yetu kwenye maisha mapya, kwa nini asitufikishe na sisi?

Mwaka 1987 wakaanzisha kampuni ambayo leo inaitwa Whale Watch Kaikōura. Benki haikopeshi kwa sababu ya hadithi ya babu. Kwa hiyo baadhi ya familia ziliweka nyumba zao rehani. Nataka msomaji akae kidogo na jambo hilo, kwa sababu ndilo kiini cha yote. Fikiria baba na mama ambao kazi zimeshaisha, mali pekee waliyo nayo ni nyumba ya kulala watoto, nao wanachukua hati wanaipeleka benki ili ikanunuliwe boti ya kutazama mnyama ambaye huenda asionekane. Boti ya kwanza ilikuwa ndogo, ya mpira wa kujazwa upepo. Leo kampuni ina boti kubwa za injini, na tiketi huuzwa kwenye jengo la stesheni ya reli, lile lile shirika lililowaachisha watu kazi.

Hisa nyingi ziko kwenye mfuko wa hisani wa jamii ya Kaikōura, na zilizobaki ni za Ngāi Tahu. Wasomaji wanaojua wakfu wa msikiti wataelewa haraka. Nyumba ya wakfu inaingiza kodi kila mwezi, kodi inatengeneza kisima au kulipa mwalimu wa madrasa, lakini hakuna mtoto wa imamu atakayeirithi wala diwani atakayeiuza. Vivyo hivyo hapa. Faida ni ya wote, ila si kwa maana ya kila mtu kupokea bahasha.

Dhana ya bahasha inavunja miradi mingi kwetu. Mwaka wa kwanza watu wanauliza gawio liko wapi, wa pili wanamshuku mweka hazina, wa tatu boti inauzwa. Kampuni iliyoanza na boti ya mpira ilifika kwenye boti kubwa kwa sababu pesa zilirudi kwenye boti, kwenye ajira na kwenye mafunzo ya vijana waliokuwa wanakaa bure.

Kwa nini hapo, na kwa nini mwaka mzima?

Wengine husema Kaikōura walibahatika tu. Bahati ipo, na ina umbo. Karibu kabisa na ufukwe kuna korongo chini ya bahari, refu kama kilomita 60 na lenye kina kinachofika mita 1,200 hivi. Chukua jengo la KICC la Nairobi, libebanishe juu kwa juu mara kumi na moja. Ndivyo sakafu inavyoporomoka. Mikondo ya maji ikigonga kuta za korongo hilo huinua virutubisho vilivyotuama chini, kama mwiko unavyoinua uji ulioganda sufuriani. Vijidudu vinakula, samaki wanakula vijidudu, ngisi wanakula samaki, na ngisi ndio chakula cha nyangumi wa pale.

Huyo ni nyangumi mwenye kichwa kama gogo, yule yule atoaye ambari, kile kitu cha thamani kinachotiwa kwenye manukato. Mababu zetu wa Pwani walimjua kwa mazao yake kabla ya kumjua kwa sura: msafiri na mwandishi wa Kiarabu al-Masudi aliandika katika karne ya 10 kuhusu ambari ya nchi ya Zanj, yaani pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Dume hufika mita 18 na huzama zaidi ya kilomita moja. Majike na watoto hubaki maji ya joto, madume wakikua huelekea kwenye baridi na shibe, kwa hiyo wanaoonekana Kaikōura karibu wote ni madume.

Safari yenyewe inakwenda hivi. Boti ikifika juu ya korongo, nahodha anazima injini. Mfanyakazi anateremsha majini maikrofoni maalumu yenye kuelekezwa, anaizungusha polepole, vifaa vya kusikilizia vikiwa masikioni. Huko gizani nyangumi anapiga mlio mkavu, tak, tak, tak, kama mtu anayegonga kokoto mbili, na mwangwi unamwambia ngisi yuko wapi. Anaposikika mfululizo, bado anawinda. Akinyamaza, anapanda juu. Boti inasogea na kungoja. Pumzi inaonekana, imeinama mbele na kushoto, maana tundu la pua yake liko upande mmoja wa kichwa. Anapumzika juu ya maji kama dakika kumi, anavuta hewa, kisha anapinda mgongo, mkia unainuka wote, maji yanachuruzika kwenye kingo zake, na anapotea kwa dakika arobaini au zaidi.

Kampuni inaahidi kumrudishia abiria asilimia 80 ya nauli asipomwona nyangumi. Ahadi hiyo si ukarimu mtupu. Ukijua utarudisha pesa, utamfundisha msikilizaji wako vizuri, na hutampeleka mtu baharini siku ambayo moyo wako unajua hakuna kitu.

Karatasi ndiyo mlango

Kuna imani kwamba ukiwa na boti na ujuzi, bahari ni ya Mungu, nani atakuzuia? Kaikōura inaonyesha kinyume. Kule huwezi kupeleka abiria kutazama nyangumi bila kibali cha idara ya uhifadhi. Kanuni za mwaka 1992 zinakataza boti kumsogelea nyangumi chini ya mita 50, ambayo ni kama nusu ya uwanja wa mpira; na ndani ya mita 300 vyombo visizidi vitatu, vikienda mwendo wa kutotoa mawimbi. Kuogelea na nyangumi ni marufuku.

Baadhi ya watu hudhani masharti haya ni ya kuwabana wenyeji. Fikiria unalala, umetoka kazini, una dakika kumi tu za kuvuta pumzi kabla ya zamu nyingine, na pikipiki kumi zinazunguka kitanda chako. Utahama nyumba. Nyangumi naye akihama, wenye rehani watabaki na boti tupu. Umbali wa mita 50 unamlinda mnyama na mkopo kwa pamoja.

Vibali vichache vina maana kwamba anayekipata ana kitu cha thamani. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, biashara iliposhamiri, mwombaji mwingine alitaka naye kibali. Ngāi Tahu wakaenda mahakamani. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ya New Zealand ilisema jambo ambalo ningependa kila kiongozi wa kikundi cha ufukweni alisome. Ilikubali kwamba biashara ya kutazama nyangumi ni ya kisasa, haikuwepo wakati wa Mkataba wa Waitangi wa 1840 kati ya Wamaori na Malkia wa Uingereza. Lakini imefungamana sana na bahari na uhusiano wa Wamaori na viumbe wake, hivyo idara haikutakiwa kuishia kwenye mashauriano tu. Wenyeji walistahili kupewa kipaumbele cha kiasi. Hawakupewa umiliki wa milele wala kufungiwa wengine mlango moja kwa moja. Walipewa uzito kwenye mizani.

Mashauriano na kipaumbele ni vitu viwili. Kuitwa kwenye kikao, kupewa soda na kusaini karatasi ya mahudhurio ni mashauriano. Jina lako kuandikwa kwenye leseni ni kitu kingine kabisa.

Kisha ardhi ikatikisika

Usiku wa tarehe 14 Novemba 2016, dakika chache baada ya saa sita, tetemeko la ukubwa wa 7.8 lilipiga eneo hilo. Watu wawili walifariki. Barabara kuu na reli vilifunikwa na maporomoko, mji ukabaki kama kisiwa. Sakafu ya bahari kando ya pwani iliinuka, sehemu nyingine mita kadhaa, na bandari ndogo ya South Bay ikakosa kina. Boti za nyangumi hazikuweza kutoka maji yakipwa. Ndani ya korongo, matope yanayokadiriwa kuwa tani milioni 850 yalisombwa hadi kilindini pamoja na wadudu wa sakafuni wanaoanzisha mlolongo wa chakula. Watafiti waliokuwa wakiwafuatilia nyangumi waligundua kuwa kwa takriban mwaka mmoja walikaa juu ya maji robo zaidi ya kawaida kati ya mzamo na mzamo, dalili kwamba walikuwa wanachoka zaidi kutafuta mlo.

Hii ndiyo siku ya mkanda kukatika niliyoisema. Mwekezaji wa mbali angepiga hesabu na kufungasha virago. Ngāti Kuri hawakuwa na pa kwenda. Boti ziliendeshwa kwa kuvizia maji kujaa, bandari ikachimbwa upya na kufunguliwa Novemba 2017, barabara kuu ikafunguliwa mwezi uliofuata. Mwaka 2020 mipaka ya nchi ikafungwa kwa sababu ya korona na watalii wa nje wakakatika. Walivuka tena.

Sitaki kumficha msomaji upande wa pili. Idadi ya nyangumi wanaoonekana Kaikōura majira ya joto imekuwa ikishuka tangu miaka ya tisini, na bahari inayopata joto inatajwa kuwa miongoni mwa sababu. Umiliki wa jamii hauponyi bahari. Unachofanya ni kuhakikisha kwamba mtu anayeona mabadiliko hayo kila asubuhi ndiye pia anayeamua boti ngapi zitoke.

Na huku kwetu?

Tusiige kwa kufumba macho. Nyangumi wetu wa Julai hadi Septemba hivi ni wenye nundu, wanaotoka kwenye barafu ya Antaktika kuja kuzaa na kutafuta wenza kwenye maji ya joto. Hapa hawali sana, wanapita. Kwa hiyo biashara ya nyangumi pekee haiwezi kulipa mkopo wa boti miezi kumi na miwili. Atakayekuambia inaweza, mwombe akuonyeshe hesabu ya Aprili, mvua za masika zikinyesha.

Lakini hatuanzi kutoka sifuri. Wavuvi wa Kuruwitu, Kilifi, walijifungia wenyewe sehemu ya bahari yao kati ya 2005 na 2006 ili samaki warudi, na samaki walirudi. Wanawake wa Gazi wana njia yao ya mbao inayopita kwenye mikoko, na wa Wasini wana ya kwao kwenye bustani ya matumbawe; mgeni analipa, anatembea, anakula. Msimu wa nyangumi ukishonwa juu ya kazi kama hizo, pamoja na pomboo, ambao wapo mwaka mzima, hesabu inaanza kusimama.

Kuna kitu kimoja zaidi ambacho nahodha yeyote anacho tayari bila mfadhili: picha. Upande wa chini wa mkia wa nyangumi mwenye nundu una mabaka meupe na meusi ambayo hayafanani kati ya mmoja na mwingine, kama alama za vidole. Mtandao wa kufuatilia mamalia wa baharini Kenya umekuwa ukikusanya taarifa kutoka kwa watu wa boti tangu 2011, na picha moja yenye tarehe na mahali inaweza kuonyesha kama nyangumi wa leo ni yule wa mwaka uliopita. Jamii yenye kumbukumbu za miaka kumi za nani alipita na lini haiji kikaoni mikono mitupu.

Nilirudi kwa yule mzee msimu uliofuata nikamsimulia habari za Kaikōura, hasa zile nyumba. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza riba ilikuwa kiasi gani. Nikamwambia sijui. Akauliza kama wanawake walikubali hati zitoke ndani. Hilo nalo sikulijua. Akafungua simu yake, kioo kimepasuka pembeni, akanionyesha mkia mweusi wenye baka jeupe kama mkono wa mtoto, aliopiga picha akiwa peke yake alfajiri akienda kuangalia mishipi.

"Kikao cha BMU ni Alhamisi," akasema, akimaanisha kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe. "Nitawauliza leseni itaandikwa jina la nani. Na hii picha nitakwenda nayo."